Tairi mara tatu sio uhuni

Kila ligi ya simuleta, yaani mbio za magari za kwenye kompyuta, ikikaribia kuanza msimu ugomvi ni uleule, tairi ziishe kwa kasi gani. Kuna kundi linataka mara moja, yaani tairi la kwenye kompyuta liishe kwa mwendo uleule ambao la kweli lingeisha barabarani, basi, hakuna mjadala. Kundi la pili linasema zidisha, weka mara mbili, weka mara tatu, na wale wa gemu ya Gran Turismo 7 wao wameshazoea hadi mara kumi na hawaoni cha ajabu. Hili kundi la pili limechekwa sana, linaambiwa ni watu wa gemu za kitoto, hawajui mbio ni nini. Mimi naona kesi yao haijawahi kusikilizwa vizuri. Wenye mara moja wana hoja zao na moja ni nzito kwelikweli, tutaifikia, ila tuanze na hesabu maana hesabu ndiyo inayorukwaga kila siku.

Chukua GT3, yale magari ya spoti ya kawaida yaliyogeuzwa kuwa ya mbio, ndiyo magari ya ligi nyingi. Kwenye mbio za saa 24 za Spa stinti moja ya dereva, yaani kipande anachoendesha mfululizo bila kusimama, haitakiwi kuzidi dakika 65, na tairi za magari hayo zimetengenezwa zimalize stinti kama hiyo zikiwa bado zinaendesheka. Sasa mbio zetu za mtandaoni usiku wa katikati ya wiki ni dakika ngapi? 20, 25 zikizidi sana. Kwa hiyo tairi lililotengenezwa kuvumilia saa nzima wewe unalitumia theluthi moja na chenji, kile kipande chake kitamu kabisa, halafu bendera. Halafu mtu anakuambia eti kwenye seva yao kuna kutunza tairi kwa sababu setingi iko kwenye uhalisia. Ni kumpa mtu tanki zima la mafuta aende dukani halafu umsifie kwa kubana matumizi.

Weka namba. Tuseme tairi linakupotezea sekunde 0.05 kwa kila mzunguko linaozeeka, yaani mzunguko wa pili unapoteza 0.05, wa tatu 0.10, na kuendelea hivyo, mbio ni mizunguko 20 ya sekunde 75 hivi, na kuingia piti kubadilisha tairi kunakugharimu sekunde 25 jumla. Hizi nimezichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi, weka za kwako ukipenda. Kwa mara moja, ukienda bila kusimama, muda wote ulioliwa na tairi mbio nzima ni sekunde 9.5. Ukisimama katikati tairi zinakula 4.5 tu lakini unalipa zile 25 za piti, jumla 29.5, kwa hiyo hakuna mwenye akili atakayesimama. Sawa, hilo halinisumbui, sio lazima kila mbio ziwe na piti. Kinachonisumbua ni hiki hapa. Chukua madereva wawili wenye spidi sawa, mmoja analitesa tairi, anaserereka kila kona, anamaliza raba kwa asilimia 20 zaidi ya mwenzake. Adhabu yake kwa mbio nzima ni sekunde 1.9.

Sekunde mbili hazifiki, kwa dakika 25! Hizo unazipoteza ukifunga breki vibaya mara moja tu, au ukimkuta mtu wa mwisho anayepitwa sehemu mbaya. Maana yake ni kwamba ule ufundi ambao kila siku tunaupigia kelele, mikono laini, mguu wa kulia wenye subira, kwenye seva ya mara moja una thamani ndogo kuliko bahati. Anayeshinda ni aliyekwalifai vizuri akapata nafasi ya mbele ya kuanzia na akatoka salama kona ya kwanza, dakika 20 zinazofuata ni msafara. Weka mara tatu, adhabu ileile inakuwa sekunde 5.7, na hapo sasa unaanza kumuona yule mtesa tairi anavutwa kidogokidogo, mzunguko wa 12 alikuwa mbele kwa sekunde 4, wa 17 kabaki na mbili hazifiki, na anajua kabisa kwanini.

Inavyotokea ukiitazama kwa karibu ni hivi. Barcelona, kona ya 3, ile ndefu ya kulia isiyoisha. Tairi la mbele kushoto ndilo linabeba kila kitu. Dereva wa kwanza anaingia na spidi kidogo kuliko gari linavyotaka, pua ya gari inakataa kugeuka, anaongeza usukani, pua inakataa zaidi, anaongeza tena. Na tairi hapo halina cha kuongeza, kwa sababu raba ina pembe yake ya kuserereka ambayo inashika kuliko zote, digrii chache tu, ukiipita unachotengeneza ni joto na kelele, kona huipati. Mwenzake anainua mguu kidogo sana mwanzoni, anaacha pua iume, anatoka na spidi ileile. Kwenye saa wote wawili wanaweza kusoma muda mmoja. Tofauti imeandikwa kwenye raba, na kwa mara moja kwa dakika 25 raba haipati muda wa kuja kudai deni lake.

Halafu kuna hii dhana kwamba mara moja ndiyo uhalisia na vingine vyote ni uongo. Uhalisia wa nani? Fungua faili za tairi za gari la Assetto Corsa, ile simuleta ya 2014 ya Waitaliano wa Kunos ambayo watu hawataki kuiacha mpaka leo. Ndani utakuta faili dogo la safu mbili za namba, kushoto kilomita, kulia asilimia ya gripu, yaani tairi linavyoshika barabara. Kilomita zenyewe ni za kufikirika, ukiserereka zinakimbia kuliko za barabarani. Kuna mtu alikaa akaandika kwamba mpaka kilomita fulani gripu bado ni 100, kutoka hapo inashuka hivi na hivi. Kama gari ni la Kunos wenyewe, aliyeandika alikuwa na kitu cha kuanzia, kama ni modi ya kupakua bure, gari lililotengenezwa na mashabiki, basi inawezekana kabisa jedwali lilinakiliwa kutoka gari lingine likabadilishwa jina. Halafu kwenye faili la seva kuna mstari umeandikwa TYRE_WEAR_RATE=100, ndiyo mara moja yenyewe, na watu wanaitazama hiyo 100 kama imeshuka na wahyi. Ni 100 ya lile jedwali la jamaa, hakuna zaidi.

Na sio Kunos peke yao. Fomula ya Hans Pacejka, yule profesa wa Delft kule Uholanzi, ambayo tangu miaka ya 1980 imebeba simuleta nyingi mgongoni, kazi yake ni kuchora mkunjo wa nguvu ya tairi ufanane na ule uliopimwa kwenye mashine. Inakuambia tairi litashika kiasi gani ukilipa mzigo huu na pembe hii. Kuisha kwa tairi hakumo, kunabandikwa juu baadaye. Simuleta ya iRacing iliyofunguliwa 2008 walichagua njia ngumu zaidi, mwanzilishi wao Dave Kaemmer kakaa miaka na miaka anajaribu kulijenga tairi kuanzia kwenye raba yenyewe, na bado limebadilishwa mara kibao. Assetto Corsa Competizione, simuleta nyingine ya Kunos, nayo 2023 ikaja apdeti ya 1.9, watu waliokuwa wamekariri upepo wa psi 27.5 kama namba ya simu wakaambiwa sasa ni kati ya 26 na 27. Gari lilelile, barabara ileile. Siwalaumu watengenezaji hata kidogo, kwenye gari zima hakuna kitu kigumu kuiga kama tairi, ila ndiyo ujue hiyo mara moja inayolindwa kwa nguvu hivyo inahama kila baada ya apdeti.

Sasa njoo kwenye mbio za kweli, maana hapa ndipo wenye mara moja huwa wananishangaza zaidi. Mbio za kweli zinazidisha! Formula 1 Canada 2010, tairi za Bridgestone zilichoka mapema kuliko ilivyotarajiwa, mbio zikawa tamu, watu wanapitana juu chini. Pirelli alipochukua usambazaji wa tairi za Formula 1 mwaka 2011 akaombwa atengeneze tairi zitakazoleta mbio za namna ile. Angeweza kutengeneza tairi la kumaliza mbio nzima, aliombwa asifanye hivyo. Mwaka 2013 Alonso kashinda mbio za kwao Hispania, pale Barcelona, akiwa amesimama piti mara nne. Upande wa pili wa shilingi ni Sochi 2014, Rosberg kakanyaga breki mpaka tairi ikaacha kuzunguka mzunguko wa kwanza, kaingia piti, kawekewa midiamu, tairi za ugumu wa kati, na midiamu zilezile zikaenda mizunguko 52 mpaka mwisho akamaliza wa pili. Wa pili! Lami ya Sochi ilikuwa mpya, laini, haili raba. Kama ulikaa ukaangalia ile mbio yote hongera, mimi nimeshasahau kila kitu isipokuwa hiyo 52.

Na Marekani kwenye NASCAR, zile mbio za magari za kwenye viwanja vya duara, kuna kisa kizuri kuliko hivi vyote. Uwanja wa Atlanta ulikuwa na lami ya 1997, imezeeka, ina makali, inakula tairi kama msasa. Mwaka 2017 wenye uwanja wakasema wanaweka lami mpya, madereva wenyewe ndio waliolalamika, wakaomba iachwe, na ikaachwa. Ikaja kuondolewa 2021. Hao ni watu wanaolipwa kuendesha, wenye kila sababu ya kutaka gripu nyingi, wanaomba wabakiziwe barabara inayomaliza tairi, kwa sababu wanajua bila hiyo wote watakuwa na spidi moja na hakuna wa kumpita mwenzake.

Mwenye mara moja atanigeuzia Atlanta hiyohiyo kuwa hoja yake, na hapo ana haki. Atasema huoni, ukichagua barabara sahihi na gari sahihi huhitaji kuzidisha chochote, ukiendesha Atlanta ya zamani kwenye iRacing tairi zinakwisha kwa saa ya kweli na mbio zinanoga. Kweli. Shida ni kwamba orodha ya barabara za namna hiyo ni fupi, na ligi ya GT3 haiwezi kukimbia kwenye duara la Atlanta kila wiki.

Hoja yao nzito, niliyoahidi, ni joto. Tairi lina saa mbili ndani yake, saa ya kuisha na saa ya joto, na kitufe cha kuzidisha kinagusa moja tu. Ngozi ya juu ya tairi inapanda joto kwa sekunde moja ya kuserereka na inashuka karibu upesi vilevile, mwili wa ndani unachukua mzunguko mzima au miwili kupata moto. Ukiweka mara tano, mizunguko miwili ya kupasha tairi tayari imekula maisha ya mizunguko kumi. Yaani unafika kwenye joto zuri ukiwa umeshazeeka. Na kuna lingine, kwenye gari la kweli tairi likiisha raba inakuwa nyembamba, raba nyembamba haitunzi joto, kwa hiyo dereva mwishoni mwa stinti anapambana na tairi la baridi na lililoisha kwa pamoja, hivyo viwili vinakuja pole pole vimeshikana mikono. Ukizidisha kimoja ukaacha kingine unapata tairi ambalo halipo popote duniani. Hapo siwezi kubisha.

Na ukizidisha kupita kiasi mkakati wenyewe unaharibika. Rudi kwenye namba zangu, mara kumi, aliyeingia piti mapema akitoka na tairi mpya anakuwa na kasi ya sekunde 5 kwa mzunguko kuliko mwenye tairi za mizunguko 10. Sekunde 5! Anayewahi kuingia ameshinda, wengine wote wanabahatisha. Kwa mara tatu tofauti hiyo ni sekunde 1.5, ambayo inafanana na kitu unachoweza kukiona kwenye mbio za kweli, unahitaji kufikiri kabla ya kuingia, unahitaji kujua utatoka kwenye foleni ya nani. Formula 1 Silverstone 2013 ni onyo kwa upande wangu pia, tairi za nyuma kushoto zilipasuka moja baada ya nyingine, Hamilton akiwa anaongoza, Massa, Vergne, na Pirelli akalazimika kurudi kwenye muundo wa zamani. Kuna kiwango ukikivuka haiwi burudani tena. Kwa hiyo nikitetea kuzidisha sitetei mara kumi, na wenye mara kumi naomba wasijifiche nyuma yangu.

Ila lile la joto lina dawa ya kiasi. Kwenye faili lilelile la seva ya Assetto Corsa kuna mstari wa blanketi za tairi, TYRE_BLANKETS_ALLOWED, ukiweka 1 watu wanaanza tairi zikiwa na moto tayari, ile mizunguko miwili ya kupoteza maisha bure inapungua sana. Na simuleta ya rFactor 2 walishaonyesha zamani kwamba inawezekana kuzipa saa tofauti, raba inayolala barabarani ina setingi yake ya kasi peke yake, tofauti na ya tairi. Kama barabara inaweza kupewa saa yake sioni kwanini joto la tairi lishindikane, ni suala la mtengenezaji kuamua tu kwamba kuna watu wanaendesha dakika 25 na hao nao ni wateja.

Maana hilo ndilo linalosahaulika. Anayesema endesheni masaa mawili mtaona tairi zinaisha zenyewe yuko sahihi kabisa, na huwa ni mtu mwenye masaa mawili. Huku kwetu mtu anaendesha watoto wakishalala, intaneti ikikubali, umeme ukiwepo, au yuko kibanda cha gemu analipa kwa saa na kuna foleni nyuma yake. Na hata huko Ulaya na Marekani watu wana kazi na familia, ndio maana mbio fupi zina watu wengi. Ukimnyima mtu wa dakika 25 tairi linaloisha umemnyima nusu ya mbio, halafu unamwambia hajui mbio.

Wengine huleta suluhu ya katikati, acha mara moja halafu lazimisha piti. Tumeshaona mwisho wake kwenye Formula 1 Monaco 2025, ikawekwa sheria ya kusimama mara mbili kwa lazima sababu tairi pale haziishi, timu zikafanya nini, gari moja linatembea polepole kuziba njia ili mwenzake apate nafasi ya kuingia piti na kutoka salama. Piti isiyo na sababu inazaa ujanja usio na sababu.

Kwenye rali hii habari yote haina maana, niseme tu kwa wapenzi wa Safari Rally kabla hawajaniuliza. Ile ilirudi kwenye ratiba ya dunia 2021 na EA Sports WRC ya 2023 wameiweka Kenya ndani, lakini tairi la Naivasha haliuawi na kona, linauawa na jiwe lililojificha kwenye vumbi. Pancha haizidishwi mara tatu. Toyota 2022 walimaliza pale wa kwanza mpaka wa nne na kikubwa kilikuwa kufika wazima. Kule mara moja waachiwe.

Kwa ligi za lami, ambazo ndizo nyingi, ningeomba tuache kuchagua namba kwa hisia. Kuna namba ambayo mbio zenyewe zinakupa. Stinti ya GT3 ni dakika 65, gawanya kwa dakika za mbio yako. Mbio za dakika 25 zinakupa 2.6, za dakika 20 zinakupa 3.25. Kwa hiyo wale wa mara tatu waliokuwa wakichekwa walikuwa karibu kabisa na stinti halisi iliyobanwa, kuliko wanaowacheka. Na mafuta yazidishwe kwa namba hiyohiyo, hapa ligi nyingi ndipo zinapoharibu. Zinapandisha tairi zinaacha mafuta kwenye 100, gari linaanza jepesi na linamaliza jepesi, wakati kwenye stinti ya kweli unaanza na tanki zito, tairi mpya, na jinsi tairi zinavyochoka ndivyo gari linavyopungua uzito na kukufidia kidogo. Ukigusa tairi peke yake umeondoa fidia umeacha adhabu, halafu watu wanalalamika gari haliendesheki na wanalaumu kuzidisha. Tanki la GT3 linakwenda kama saa moja hivi, kwa dakika 25 ukiweka FUEL_RATE=250 na TYRE_WEAR_RATE=250, yaani mara mbili na nusu, karibu na ile 2.6, unakuwa umetumia dakika 62 na nusu, anayebana mguu anafika na asiyebana anaingia piti kuongeza lita chache. Blanketi ziwe 1. Modi yoyote ambayo jedwali lake la tairi limenakiliwa isiingie kwenye kalenda mpaka mtu alifungue lile faili aangalie kilomita ya ngapi gripu inaanza kushuka.